Wasomaji Wanauliza: Mzamiaji wa Kujitolea na Miamba ya Matumbawe

Makala ya toleo lililopita kuhusu hali ya miamba ya matumbawe katika bahari za joto ilimalizika kwa kuwaalika wasomaji wenye ujuzi wa kuzamia, au wanaotaka kuupata, watuandikie maswali yao kuhusu kazi ya kujitolea. Barua zimefika nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua zile ambazo maswali yake yamejirudia, tumefupisha baadhi yake, na mengine tumeyajibu kwa kirefu kuliko mengine kwa sababu yana mengi ndani yake.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimehitimu mafunzo ya awali ya kuzamia na cheti changu kinaniruhusu kushuka hadi mita 18. Nina umri wa miaka 24 na afya njema. Ningependa kujitolea kulinda matumbawe, lakini wenzangu wananiambia kwamba kazi hiyo ni ya wataalamu wa baiolojia ya bahari. Je, mtu wa kiwango changu anafaa, au nitakuwa mzigo tu?

JIBU: Ndugu yangu, kina cha mita 18 si kikwazo. Matumbawe yanayojenga miamba yanategemea mwanga wa jua, kwa hiyo sehemu kubwa ya uchunguzi hufanyika mahali ambapo maji si marefu sana. Shirika la Reef Check, lililoanzishwa mwaka 1996 ili kuwaingiza watu wa kujitolea katika kazi hii, hupima miamba kwenye mistari miwili: mmoja kati ya mita 2 na 6, na mwingine kati ya mita 6 na 12. Cheti chako kinakufikisha kote huko. Shahada ya baiolojia nayo haihitajiki, kwa kuwa orodha ya viumbe vya kutambua imefanywa fupi kwa makusudi, na hakuna anayeruhusiwa kujaza fomu kabla ya kufaulu mtihani wa kuvitambua.

Kinachowaangusha wazamiaji wapya ni kushindwa kutulia majini. Mtu anayepiga mapezi ovyo huku mwili umeinama, miguu ikiwa chini na kichwa juu, hutimua mchanga ambao baadaye hutua juu ya polipi, yaani wale wanyama wadogo laini ambao ndio matumbawe yenyewe. Akiyumba kidogo, hushika tawi ili asianguke, na tawi hilo hukatika. Matumbawe ya matawi yanayokua haraka huongezeka kama sentimita 10 kwa mwaka, au zaidi kidogo pale hali inapokuwa nzuri, lakini yale ya mviringo, makubwa kama majabali, huongezeka takriban sentimita 1 tu. Pezi moja lililopigwa vibaya linaweza kufuta kazi ya miaka mingi, na mwenye pezi asijue, kwa sababu hakugeuka nyuma.

Kwa hiyo kabla hujaomba nafasi popote, nenda mahali penye mchanga mtupu ukajipime. Lala kifudifudi majini, nusu mita juu ya mchanga, mikono ukiwa umeikunja kifuani, halafu ukae hapo dakika kadhaa bila kupanda wala kushuka, ukitumia pumzi peke yake: ukivuta hewa unapanda kidogo, ukiitoa unashuka kidogo. Ukimudu hilo, chukua ubao wa plastiki na penseli, uandike safu ya tarakimu huku umeelea vilevile. Hapo ndipo wengi huanza kuzama au kupaa bila kujitambua, kwa sababu akili imehamia kwenye kuandika. Hakikisha pia kwamba mipira ya vipimo na ile ya kupumulia ya akiba imebanwa kifuani, maana ikiachwa inaning'inia, hukokoteka juu ya mwamba na kuvunja kila inachokipita. Siku za mwanzo utakuwa mzigo kidogo kwa kiongozi wako, na kila kiongozi mwenye busara hulitarajia hilo.

SWALI: Nimeona picha za watu wa kujitolea wakiogelea na kasa na kupiga picha samaki wa rangi za kupendeza. Sikuona hata mmoja anayefanya kazi. Hasa hasa, mzamiaji wa kujitolea anafanya nini huko chini, na takwimu za watu wasio wataalamu zinamfaa nani?

JIBU: Shaka yako ina msingi. Kazi yenyewe haivutii kwenye picha, ndiyo maana huioni.

Tuchukue uchunguzi wa kawaida wa Reef Check. Wazamiaji wawili hutandika tepu ya mita 100 juu ya mwamba, wakifuata kina kilekile, kisha tepu hiyo hugawanywa katika vipande 4 vya mita 20, vilivyotenganishwa kwa nafasi za mita 5. Baada ya kuitandika, kundi zima husogea pembeni na kusubiri kama dakika 15 ili samaki waliokimbia warudi. Ndipo wahesabu samaki hutangulia, wakienda polepole na kusimama kila baada ya mita 5, huku wakihesabu wale tu walio kwenye orodha na walio ndani ya mita 2.5 kila upande wa tepu: chewa waliozidi sentimita 30, changu, pono, samaki vipepeo na wengine wachache. Nyuma yao hupita wanaohesabu viumbe wasio na uti wa mgongo, wakichungulia chini ya kila ukingo kuwatafuta kamba koche, makombe makubwa na urchini wa miiba mirefu, yaani wale wanyama wa mviringo waliojaa miiba mwili mzima. Wa mwisho ni wale wanaopima sakafu yenyewe.

Hawa wa mwisho ndio ninaopenda kuwatazama, kwa sababu kifaa chao ni nati ya chuma iliyofungwa kwenye uzi. Kila baada ya nusu mita, mzamiaji huishusha nati kutoka kwenye tepu na kuandika kile ilichokigusa: tumbawe gumu, tumbawe laini, tumbawe lililokufa karibuni, mwani unaostawi kwa uchafu, sifongo, mwamba mtupu, vifusi, mchanga, matope, au kitu kingine. Huandika mara 160 kwa mstari mmoja. Nati ikigusa mchanga, huandikwa mchanga, hata kama upana wa kiganja tu kutoka hapo limesimama tumbawe zuri ajabu. Hapo mzamiaji hujaribiwa kwelikweli. Mkono hutamani kuisogeza nati kidogo, kwa kuwa tumbawe lipo na kuliacha kunaonekana kama kulidhulumu, lakini akiisogeza mara tano tu katika mara 160, amekwisha kuuongezea mwamba huo zaidi ya asilimia 3 ya uhai usiokuwepo. Mpimaji hodari ni yule anayeiacha nati iangukie inapoangukia.

Sasa, takwimu hizo zinamfaa nani? Hesabu ya siku moja haielezi mengi, kama ambavyo daktari hawezi kusema mengi kuhusu mtoto kwa kuona uzito wake wa mwezi mmoja kwenye kadi ya kliniki. Manufaa yapo kwenye mfululizo, yaani mstari uleule, njia ileile, mwaka baada ya mwaka. Hata hivyo, hesabu ya kwanza nayo iliwashtua wengi. Mwaka 1997 watu wa kujitolea, wakiongozwa na wanasayansi, walipima zaidi ya miamba 300 katika nchi 31, na katika mingi ya miamba hiyo hawakukuta chewa mkubwa hata mmoja wala kamba koche. Watafiti walijua kwamba uvuvi ulikuwa umezidi mahali walipokuwa wakifanya kazi zao, lakini hakukuwa na kipimo kimoja kilichotumika duniani kote kuonyesha jinsi tatizo lilivyoenea.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tunahangaika na urchini, mnyama ambaye kila mzamiaji humwepuka. Mwaka 1983 ugonjwa ulizuka karibu na Panama ukawaua urchini weusi wa miiba mirefu, na kufikia mwaka uliofuata ulikuwa umeenea Karibiani yote na kuangamiza zaidi ya asilimia 90 yao. Nchini Jamaika, pono na samaki wengine wanaokula mwani walikuwa wamekwisha kuvuliwa kupita kiasi, na kimbunga cha mwaka 1980 kilikuwa kimeponda matumbawe mengi, kwa hiyo urchini ndiye aliyekuwa amebaki kuuzuia mwani. Alipoondoka, mwani ulifunika kila kitu. Eneo lililofunikwa na matumbawe hai, ambalo mwishoni mwa miaka ya 1970 lilikuwa takriban nusu ya mwamba, lilishuka chini ya asilimia 5 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tunalijua hilo kwa sababu wapo waliohesabu kabla ya maafa. Mwaka 2022 urchini hao walianza tena kufa kwa wingi katika eneo hilohilo, na safari hii macho ya wazamiaji wa kawaida yalikuwa miongoni mwa yaliyotoa taarifa.

SWALI: Nilipozamia hivi karibuni nilikuta matumbawe meupe pepepe, nikamwambia kiongozi wetu kwamba mwamba umekufa. Alinicheka. Je, nilikosea nini?

JIBU: Hakupaswa kukucheka, maana hata watu wenye uzoefu huchanganya. Ndani ya nyama ya polipi huishi viumbe vidogo mno vya jamii ya mwani, ambavyo hulipa tumbawe rangi yake na sehemu kubwa ya chakula chake. Joto likizidi kwa muda mrefu, tumbawe huvitoa, na nyama inayobaki huwa angavu kiasi cha kuonyesha chokaa nyeupe iliyo chini yake. Tumbawe la namna hiyo limepauka lakini bado lina uhai. Lina njaa, nalo linaweza kupona iwapo maji yatapoa mapema.

Sogea karibu bila kugusa, uangalie uso wake. Tumbawe lililopauka lina utando laini wenye mng'ao, na mara nyingine utaona minyiri midogo ikijikunja. Lililokufa karibuni halina utando huo: vikombe vya chokaa vimekaa wazi, kingo zake kali, na baada ya siku chache huanza kushika ukungu wa kijani au wa kahawia, ambao ni mwani unaohamia. Kuna na weupe mwingine usiohusiana na joto hata kidogo. Pono huacha alama za meno. Taji la miiba, yule kiti cha pweza (mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota) anayekula matumbawe, huacha kovu jeupe lenye ukingo uliokatika wazi. Magonjwa mara nyingi huacha mstari unaosonga mbele kidogo kidogo kila wiki. Ndiyo maana fomu nyingi humtaka mzamiaji aandike alichokiona, yaani rangi, ukingo, ukubwa wa eneo na kina, na kumwachia mtaalamu neno la sababu. Siku nyingine andika "tumbawe jeupe, utando upo", na hakuna atakayekucheka.

SWALI: Nimesoma kwamba taji la miiba hula matumbawe na kwamba serikali nyingine hulipa wazamiaji wamuue. Sisi wazamiaji wa kawaida tukimkuta, tumkate vipande vipande?

JIBU: Hapana, msimkate. Viti vya pweza vina uwezo mkubwa wa kuotesha upya viungo vilivyokatika, na miiba ya huyu ina sumu inayoleta maumivu makali na uvimbe. Ni kweli kwamba mmoja aliyekomaa anaweza kumaliza takriban mita 10 za mraba za matumbawe kwa mwaka, na kwamba katika mwamba mkuu wa Australia, Great Barrier Reef, wapo wazamiaji ambao kazi yao ya kila siku ni kumsaka. Lakini hao humchoma sindano yenye chumvi za nyongo au siki, dozi moja inayomuua bila kukidhuru kitu kingine, na huenda kwenye miamba iliyochaguliwa baada ya kuhesabiwa.

Tusisahau kwamba mnyama huyu ni mwenyeji wa bahari za Hindi na Pasifiki. Akiwa mmoja mmoja hana madhara makubwa, na kwa kuwa hupenda kula matumbawe yanayokua haraka, anaweza hata kuyaachia nafasi yale ya polepole. Tatizo huanza anapofurika. Wajibu wako ni kuhesabu, kukadiria ukubwa, kuandika mahali na kutoa taarifa siku hiyohiyo. Kuua bila kibali ni kosa la kisheria katika hifadhi nyingi za bahari, hata kama nia ni njema.

SWALI: Nimepata tangazo la mpango unaomruhusu mtu wa kujitolea kupanda matumbawe kwa wiki mbili, kwa malipo makubwa. Je, matumbawe hupandwa kweli, au ni biashara ya kuwavutia watalii? Nitaupimaje mpango kabla ya kutoa pesa?

JIBU: Hupandwa kweli, na hutumika pia kama chambo cha kuwavutia watu. Yote mawili yapo.

Katika visiwa vya Spermonde, karibu na Sulawesi nchini Indonesia, uvuvi wa baruti ulikuwa umeiponda miamba ikabaki vifusi vinavyobingirika kila bahari inapochafuka, na juu ya vifusi hivyo mtoto wa tumbawe hawezi kushika. Huko wameweka fremu za chuma zilizopakwa mchanga, zikaunganishwa hadi kufunika sakafu, na juu yake vikafungwa vipande vya matumbawe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba baada ya miaka 4 mwamba huo ulikuwa unajijenga kwa kasi inayolingana na ile ya miamba yenye afya iliyo jirani, ingawa aina za matawi ndizo zilizotawala. Kumbuka kwamba ulifaulu kwa sababu chanzo cha uharibifu, yaani baruti, kilikuwa kinajulikana na kilikuwa kimekoma mahali hapo. Kwa upande mwingine, huko Florida nchini Marekani, wimbi la joto la mwaka 2023 liliwalazimu watu waliokuwa wakilea matumbawe baharini kuyatoa majini kwa maelfu na kuyahamishia kwenye matangi ya nchi kavu. Kupanda huziba jeraha, lakini maji yakichemka kilichopandwa huungua pamoja na cha asili.

Mtu anayejitolea katika kitalu cha matumbawe atumie kipimo hiki rahisi: atapewa kazi gani siku ya pili? Siku ya kwanza kila mpango utakupa kipande cha kufunga na mtu wa kukupiga picha. Katika mpango wa kweli, siku zinazofuata utashika brashi ndogo ngumu, mara nyingi mswaki, na kuanza kusugua mwani kwenye kamba na fremu, sentimita kwa sentimita, bila kuugusa ule ukingo ambapo nyama ya tumbawe inaanza kutambaa juu ya chuma. Utachomoa konokono wanaokula polipi, utapima urefu wa matawi, utaandika namba. Kitalu kisichosuguliwa hufunikwa na mwani, na matumbawe yake hufa kabla hayajapandwa.

Waulize wenye mpango ni matumbawe mangapi bado yako hai mwaka mmoja baada ya kupandwa, na mangapi baada ya miaka mitatu. Wakikujibu kwa kutaja idadi waliyoipanda badala ya iliyosalia, umekwisha kuwaelewa. Ulizia kibali cha mamlaka ya uhifadhi, na mahali takwimu zinapopelekwa, maana fomu zinazoishia kwenye kabati hazijamsaidia samaki yeyote. Uliza pia ni nani hubaki na kazi watu wa kujitolea wanapoondoka: mipango ninayoiheshimu ni ile inayowafunza wavuvi na vijana wanaoishi kando ya mwamba wenyewe, na ambayo mgeni huja kuongeza mikono tu. La mwisho, na kwangu ni la msingi, ni kama wamewahi kumkatalia mtu aliyelipa kwa sababu hakuweza kuelea vizuri. Mpango usiomkatalia yeyote unajali zaidi malipo kuliko matumbawe.

SWALI: Kundi letu la wazamiaji lingependa kuondoa nyavu zilizotelekezwa kwenye mwamba. Tuna visu na shauku.

JIBU: Visu na shauku havitoshi. Wavu uliotelekezwa huendelea kuvua kwa miaka, na kuuondoa ni huduma kubwa, lakini ni huo huo unaoweza kumnasa mzamiaji kwenye vali ya mtungi, mahali asipopafikia kwa mkono wake mwenyewe. Mifuko ya hewa ya kuinulia mizigo nayo ni ya watu waliofunzwa, kwa sababu mfuko ukipaa ghafla unaweza kumvuta mtu juu pamoja nao. Anzeni na vitu vidogo: mishipi, chupa, kamba fupi. Tangu mwaka 2011 upo utaratibu wa kimataifa unaoitwa Dive Against Debris, ambao huwataka wazamiaji kupima na kuandika kila walichokiondoa, ili ijulikane taka zinatoka wapi. Pale ambapo wavu umekwisha kuota matumbawe, kateni sehemu inayopeperuka na muiache ile iliyoshikwa. Kuing'oa kutavunja zaidi ya kuponya.

SWALI: Nina umri wa miaka 61, natumia dawa za shinikizo la damu na nimezamia tangu ujana wangu. Fomu ya kujitolea inaniuliza habari za afya. Kijana wangu anasema nijaze "hapana" kila mahali ili mambo yaende.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, katika hili usimsikilize kijana. Umri wenyewe haukuzuii, na wapo wenye umri zaidi ya wako wanaofanya kazi hii vizuri kwa sababu wana subira. Lakini mwili ukizama majini, damu kutoka miguuni husogea kifuani na moyo huongezewa kazi, na watu wenye historia ya shinikizo la damu wako kwenye hatari kubwa zaidi ya mapafu kujaa maji wakiwa wanazamia. Zipo pia dawa za presha zinazoupunguzia moyo uwezo wa kuongeza kasi pale unapolazimika kupambana na mkondo. Jaza ukweli, chukua fomu umpelekee daktari anayeelewa mambo ya kuzamia, naye aamue na kutia sahihi. Akikataa, uzoefu wako unahitajika kwenye mashua: kusimamia muda, kuhesabu vichwa vinavyorudi juu, na kukagua fomu kabla penseli hazijafutika.

SWALI: Mimi siwezi kuzamia kwa sababu ya matatizo ya masikio. Je, hakuna nafasi yangu?

JIBU: Ipo, dada. CoralWatch, mradi wa Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia ulioanza mwaka 2002, hutumia kadi ya plastiki yenye safu za rangi zilizopewa namba 1 hadi 6, kutoka weupe hadi rangi iliyokolea. Mtu huilinganisha kadi na sehemu iliyopauka zaidi na iliyokolea zaidi ya tumbawe, akaandika namba mbili. Unaweza kuifanya ukiwa unaelea juu na miwani na mrija wa kupumulia, au ukiwa unatembea maji yanapokupwa, mradi ukanyage mchanga na si matumbawe. Na ukiingia majini, vaa fulana ya mikono mirefu. Hawaii na Palau zimepiga marufuku uuzaji wa baadhi ya losheni za kukinga jua kwa sababu ya kemikali zake, lakini nguo haihitaji mjadala.

SWALI: Naomba nijibiwe bila kupambwa. Bahari inapata joto kwa sababu ya moshi wa viwanda na magari, na matumbawe yanakufa kwa joto hilo. Kuna maana gani ya mtu kuhesabu samaki kwenye mwamba ambao kiangazi kijacho utapauka?

JIBU: Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na sitalikwepa. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza tukio la nne la kupauka kwa matumbawe duniani, baada ya yale ya 1998, 2010 na 2014 hadi 2017, na mwaka mmoja baadaye ikaelezwa kwamba joto la kiwango cha kupausha lilikuwa limegusa takriban asilimia 84 ya eneo la miamba yote. Hakuna mzamiaji anayeweza kupoza bahari. Mpango wowote unaokuahidi kwamba utayaokoa matumbawe ya dunia kwa likizo yako unakudanganya, na nathubutu kusema kwamba mtu anayevuka nusu ya dunia kwa ndege ili ajitolee wiki moja tu angefanya vizuri zaidi kugharamia mafunzo ya mzamiaji mmoja anayeishi karibu na mwamba.

Pamoja na hayo, joto haliui kwa usawa. Setilaiti huonyesha mahali bahari ilipozidi joto na kwa wiki ngapi, na kutokana na hilo wataalamu hukadiria ni wapi matumbawe yatapauka na ni wapi yatakufa. Lakini setilaiti haioni kwamba upande mmoja wa mwamba, wenye mkondo wa maji baridi kutoka chini, umesalimika huku upande wa pili umekwisha, wala haioni kwamba aina fulani imepona na jirani yake imekufa. Hayo huonekana na mtu aliyerudi kwenye mstari wake wa zamani na nati yake. Taarifa hizo ndizo huwawezesha wasimamizi wa hifadhi kuamua wapi pafungwe uvuvi wa pono ili mwani usichukue nafasi ya matumbawe yaliyokufa, wapi maboya ya kufungia mashua yatangulie ili nanga zisitupwe, na vipande vya kitalu vichukuliwe kutoka kwenye tumbawe lipi lililoonyesha ustahimilivu. Mwamba wenye samaki wanaokula mwani na maji safi una nafasi ya kurejea kati ya joto moja na jingine, nao uliopokonywa vyote viwili hauna. Nafasi hiyo ni ndogo, nayo hupungua kadiri vipindi vya joto vinavyokaribiana.

SWALI: La mwisho, fupi: baada ya uchunguzi wa siku kadhaa mfululizo, nisubiri saa ngapi kabla ya kupanda ndege?

JIBU: Angalau saa 18, kwa pendekezo la wataalamu wa usalama wa kuzamia kwa mtu aliyezamia mara nyingi au siku kadhaa mfululizo; kwa aliyezamia mara moja tu bila kuhitaji kusimama njiani ili kutoa nitrojeni, ni angalau saa 12. Nitrojeni iliyoyeyuka mwilini huhitaji muda kutoka, na hewa nyepesi ndani ya ndege inaweza kuifanya itoke kama viputo kwenye damu na viungo. Panga siku yako ya mwisho iwe ya nchi kavu. Kazi haitakosekana: fomu zote zinatakiwa kuingizwa kwenye kompyuta na kukaguliwa na mtu wa pili, na ni afadhali aliyeandika awepo, kwa sababu mwandiko wa chini ya maji mara nyingi husomwa na mwenyewe tu.